Mtu Wetu Ndani ya Hospitali

Moa, Ijumaa, mwezi 10 Mfungo Mosi

Kwa mdogo wangu Idarusi bin Uweso, Chumbageni, Tanga.

Salamu zikukute ungali mzima, umekula, na umepata kivuli cha kukaa. Sisi huku tumemaliza Ramadhani salama, na Idi tumekula wali wa nazi na yule jogoo mwekundu aliyekuwa akimparura Mama miguu. Mama hajambo. Macho yake ni yale yale, asubuhi yanaona na mchana yanakataa, lakini masikio yanasikia mpaka mambo ya nyumba ya tatu. Kila mgeni akiingia huambiwa habari za mwanawe dresa, mtibu vidonda wa hospitali ya Tanga, na asiyeuliza pia huambiwa. Mbuzi amezaa pacha. Nakuandikia kwa herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, kama kawaida, nawe nijibu kwa hizo za skuli. Mwatumu, binti wa jirani, atanisomea.

Sasa neno lililonikalisha chini. Unakikumbuka kile kivimbe kifundoni mwa mkono wangu wa kulia, upande wa kiganja? Zamani kilikuwa kama punje ya mtama, ukikibonyeza kinakimbia. Sasa kimekuwa kama yai la njiwa na hakikimbii tena. Mama amekikanda kwa mafuta ya nazi na karafuu, akakifunga kitambaa, kikavimba zaidi. Bwana wa zahanati alikitazama mwezi wa Shaabani akasema niende Tanga kikapasuliwe, na siku hiyo hiyo nitatoka hospitali kwa miguu yangu.

Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiwe mtu wetu ndani ya hospitali. Hufanywa nini? Huanzaje? Yule bwana alisema nitalazwa usingizi kwa dawa. Usingizi wangu mimi naujua, najua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Huo wa dawa sijui unapeleka wapi. Mtu akiwa humo, yuko wapi?

Mkono huu ndio unaosuka mikeka, ndio unaomwogesha Mama, ndio unaokuandikia. Wakinikata mshipa usiopasa, nimekwisha. Naogopa, Idarusi, na nimekwambia wewe tu.

Ni mimi dada yako, Mwanamkasi.


Chumbageni, Tanga, 27 Mei 1957

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Mama mshikie miguu kwa niaba yangu. Barua yako ilikaa kwa dereva wa lori la mbata siku tisa, ndiyo maana nimechelewa. Huku mvua imetulowesha mpaka ndani ya sanduku. Bi Kijakazi mwenye nyumba wangu anakusalimu, amesema ukija utalala chumbani kwake. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha asubuhi.

Sasa sikiliza, usiogope. Utakuja siku moja kabla. Utapimwa uzito, utatolewa damu kidogo kidoleni, utapewa kichupa ukojoe, usione haya, wote hukojoa. Daktari ataubonyeza mkono na kukuuliza ganzi inafika wapi. Mwambie kweli, usimfiche kwa adabu. Ukishakula chakula cha magharibi, basi, hakuna kula tena wala kunywa mpaka kazi iishe, maana tumbo lililojaa humrudia mtu usingizini likampalia. Asubuhi uoge, usijipake mafuta, uvue bangili na hirizi unipe mimi nizishike.

Utavaa gauni jeupe linalofungwa mgongoni. Linanukia jua na pasi. Shuka utakazolalia zimechemshwa kwa soda ya kufulia, zimeanikwa, zimepigwa pasi pande zote mbili, kisha zikapikwa tena kwa mvuke. Kwa shuka usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Watakulaza kwenye kitanda chenye magurudumu. Hapo ndipo wagonjwa husema mambo huanza kuwa kama ndoto, kwa kuwa mtu hajazoea kusafiri chali. Dari inakupita, madirisha yanakupita, sauti za watu zinatoka upande wa miguu. Chumba chenyewe kina baridi na hakina nzi hata mmoja. Watu wote wamejifunga vitambaa usoni, humjui mtu ila kwa macho. Pua yako itafunikwa kwa kitambaa, na juu yake dawa itadondoshwa tone moja moja. Ina harufu tamu na kali, ya tunda lililolala sana. Utaambiwa uhesabu. Wengi hufika kumi na mbili. Mzee mmoja wa Pangani alifika arobaini, kumbe anahesabu mbuzi wake. Sauti zinakwenda mbali, vidole vya miguu vinaondoka kwanza, kisha magoti, kisha wewe mwenyewe. Halafu unafumbua macho ukidhani umepepesa tu, na mkono umekwisha fungwa bendeji. Utasikia kiu, huenda ukatapika kidogo, huenda ukalia bila sababu. Utakaa verandani mpaka kichwa kitulie, kisha tutatembea polepole mpaka nyumbani.

Unauliza mtu yuko wapi. Nimewauliza wengi. Bibi mmoja wa Muheza aliniambia alikuwa jikoni kwa mama yake marehemu anapepeta mchele usiokwisha, na hakutaka kurudi. Lakini alirudi, Dada, akaniomba maji.

Nitakuwepo. Nitasimama kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndugu yako, Idarusi.


Moa, Alhamisi, mwezi 22 Mfungo Pili

Idarusi mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, mmoja anaruka. Barua yako Mwatumu amenisomea mara nne na Mama mara mbili, na Mama alilia kwa furaha jinsi mwanawe anavyojua mambo.

Mkono hauna neno. Nadhani utapoa wenyewe. Nina mkeka wa harusi ya watu, siwezi kuuacha.

Nauliza tu. Humo usingizini, mtu huongea? Nisije nikatamka neno la moyoni mbele ya wanaume. Na nani humwamsha? Mama alikuwa akisema mtu akiamshwa na asiyemjua, hurudi nusu.

Mwanamkasi.


Chumbageni, Tanga, 8 Julai 1957

Dada yangu,

Shikamoo. Idi ya leo iwe ya baraka kwenu. Mimi nimeswali, nimekula biriani ya Bi Kijakazi, na sasa nimeketi kibarazani na barua yako mkononi.

Unasema mkono hauna neno. Dada, wewe ndiye uliyenifundisha alifu. Mwandiko wako naujua kuliko uso wangu, kwa kuwa kioo sina. Barua ya Mfungo Mosi mistari yake ilinyooka kama ukili wa mkeka. Hii ya pili inashuka kama mtu anayeteremka bondeni, nukta zimeanguka mbali na herufi zake, na pale ulipoandika jina langu wino umemwagika ukafutwa kwa kidole. Barua nzima ni maneno machache. Wewe si mtu wa maneno machache. Tangu lini huhisi kalamu?

Unaniuliza kama watu huongea. Nimemwuliza Fanueli, ambaye ndiye hasa humpa mgonjwa dawa ile. Anasema huguna, huita mama zao, wengine huimba. Hakuna anayesikiliza, kila mtu yuko katika kazi yake, na wakitoka mle wamesahau. Na hakuna anayeamshwa kwa kutikiswa. Dawa huisha yenyewe, mtu anarudi mzima kwa wakati wake.

Mengine nitakwambia ukija. Yako mambo hayaandikiki. Lakini njoo, Dada. Mshipa ukibanwa muda mrefu hufa, na ukifa haurudi.

Idarusi.


Moa, 25 Julai 1957

Kwa Kaka Idarusi,

Hii ni barua ya Dada Mwanamkasi, yeye anasema na mimi Mwatumu naandika. Anasema hivi:

Salamu. Mama hajambo, anataka kujua kama umeongezwa cheo. Nimemwambia Mwatumu aandike kwa kuwa wino umekwisha. Nimefikiri nitakuja. Kuna gari litakalopita njia ya Horohoro asubuhi ya Jumatatu, tarehe kumi na tisa Agosti. Mkeka wa harusi nimempa mwingine aumalize. Nimekubali kwa sharti moja, Idarusi. Sijui Kizungu, sijui hospitali, sijui hao watu wenye vitambaa usoni. Najua wewe. Kisu hicho nakikubali kwa neno lako tu. Niandikie kwamba utakuwa kichwani pangu, uape, nami nitakuja.

Maneno yake yameishia hapo. Haya ni yangu, nami sikumsomea. Kaka, wino upo chupa nzima. Juzi alishika sufuria ya moto kwa vidole vitatu na hakuijua mpaka aliposikia harufu. Alinikataza kusema. Shikamoo.

Mwatumu.


Chumbageni, Tanga, 12 Agosti 1957

Dada yangu Mwanamkasi,

Shikamoo. Leo sina salamu za kupamba. Mwatumu, ninakuomba umsomee Dada mkiwa wawili tu, Mama asisikie.

Unataka niape. Nimekaa na kalamu tangu barua yako ilipofika, na siwezi kuapa. Mimi si dresa. Sikuwa dresa hata siku moja. Mimi ni dobi. Nafua shuka za hospitali, magauni, vitambaa vya chumba cha kupasulia, mablanketi ya wodi. Nachemsha, nasuuza, natia bluu ya kung'arisha, naanika, napiga pasi. Miaka saba ndiyo kazi yangu.

Nilipokuja mwaka wa hamsini niliandika kwamba nimepata kazi hospitali, basi. Mama ndiye aliyesema dresa. Alipoeneza Moa nzima nilisema nitasahihisha nikienda Idi, na nilipofika alikuwa amewaalika majirani wanieleze maumivu yao. Nikawasikiliza. Nikawapa ushauri, Mungu anisamehe, nikamwambia mzee mmoja anywe maji mengi. Baada ya hapo ulimi ulishindwa kurudi nyuma.

Yote niliyokuandikia ni kweli, lakini sikuyaona. Nimeyapata kwa nesi mmoja Msambaa, Lea, tunapohesabiana shuka, na kwa wagonjwa wanaokaa verandani karibu na kamba zangu wakingoja vichwa vitulie. Nawapa maji, wananisimulia. Katika chumba chenyewe sijaingia. Nguo huzipokea mlangoni zikiwa na damu, na huzirudisha mlangoni zikiwa nyeupe.

Kwa hiyo usije kwa neno langu. Njoo kwa neno la daktari, maana ni mtu mzuri na mkono wake hautetemeki. Nitakupokea kituoni. Kama hutaki kuniona, nitakaa mbali, lakini njoo. Dada, mkono wako usife kwa sababu ya uongo wangu.

Idarusi.


Moa, 10 Septemba 1957

Idarusi,

Salamu. Mama hajambo, mbuzi hajambo, na Mwatumu anayeniandikia hajambo. Nimemwapisha kwa msahafu kuwa haya hayatoki nje ya ua.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika jana. Dereva aliiweka chini ya kiti akaisahau, ikaenda Mombasa na kurudi mara tatu. Fahamu hilo kwanza. Uliponipokea kituoni ukaniuliza, "Barua uliipata?" nilijibu nimeipata, nikidhani unasema ile ya Julai, maana kiapo nilikingoja hakikufika, nikaja kwa ahadi yako ya Mei. Nikaona umeshusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema moyoni, maskini, kumbe ananihofia hivi. Ukanipeleka kupimwa, kila kitu kikawa kama ulivyoandika, mpaka kichupa. Nikajivuna. Nikamwambia yule bibi aliyekaa karibu nami kwamba mimi ndugu yangu ni wa humu humu.

Jioni ile Bi Kijakazi alinitia hina, mikono na miguu. Nilimwomba mwenyewe. Nilikuwa naenda kulala mbele ya watu nisiowajua, nisionekane kama mtu asiye na kwao. Wewe uliiona asubuhi ukasema imekolea vizuri. Na asubuhi hiyo sikula wala sikunywa, kama ulivyoagiza. Nilitafuna tambuu tu. Tambuu hailiwi, na mate yake mekundu niliyatema yote.

Ukaniacha mlangoni ukasema utakuwa karibu. Nikavishwa gauni, nikalazwa, dari ikaanza kunipita. Ilikuwa kweli, Idarusi, ni kama ndoto. Niliona mjusi amelala kichwa chini, nikaona mimi na yeye hatujui nani yuko juu. Tukaingia kwenye baridi. Yule Fanueli akaniambia nitoe ulimi. Akashika vidole vyangu akavitazama kimoja kimoja, akaenda akatazama vya miguu, akamwita daktari. Wakaanza kuongea Kizungu juu ya tumbo langu.

Nesi Lea ndiye aliyenieleza. Akasema, "Mama, mtu akiwa usingizini sisi tunamtazama kucha na midomo. Hewa ikimpungua, rangi inageuka, ndipo tunajua tumwahi. Wewe kucha zako zote ishirini nyekundu, na midomo nyekundu mpaka fizi. Ukitaka kufa hutatuaga. Hukuambiwa usitie hina?"

Nikasema, "Mbona ndugu yangu dresa hakuniambia?"

"Ndugu yako yupi?"

"Idarusi bin Uweso."

Wakatazamana juu ya vile vitambaa. Fanueli akasema, pole pole, hakukusudia ubaya, "Idarusi wa dobi?"

Kwanza nilikuonea haya. Kisha nikakasirika. Kisha nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa kuwa kila neno nililokuwa nimeliegemea tangu Idi lilikuwa la kuazima, nami nilikuwa nimelala chali bila bangili wala hirizi, na hirizi yenyewe umeichukua wewe.

Daktari akasema mambo mawili. Nirudi Moa, hina iishe kuchani, miezi mitatu au minne, halafu nije tena. Au anichome sindano kwapani, mkono ufe ganzi, akate nikiwa macho. Akanichoma vidole kwa pini kunionyesha. Cha gumba, cha shahada, cha kati, sikusikia kitu. Akasema hivi havina miezi mitatu.

Nikasema akate nikiwa macho. Nikasema pia, "Na huyo dobi mleteni. Aliahidi kusimama hapa."

Ukaja. Walikuvisha kitambaa usoni, nikakujua kwa macho kama ulivyoandika. Mikono yako ilikuwa imekunjamana kwa maji.  Ukasimama kichwani pangu.

Sindano iliuma, kisha mkono ukawa mzito, kisha mwepesi, kisha haukuwa wangu. Waliunyanyua nikauona unapita juu ya uso wangu na hina yake, nikadhani wamebeba mkono wa bibi harusi wa watu. Wakaweka kitambaa katikati nisiuone. Nikasikia mkasi. Nikasikia maji yanamwagwa bakulini. Sikusikia maumivu, nilisikia mtu anavuta kitu mbali sana, kama unapokuwa ndani ya nyumba na watu wanahamisha vyombo nyumba ya pili. Macho yalikuwa wazi, lakini nilikuwa nimeketi uani, Mama kijana, anachambua miaa, nawe mtoto unaburura kifuu kwa kamba, na jua halisogei. Nilijua niko Tanga na nilijua niko pale. Kama ndiko wanakokwenda wale wenzangu wanaolazwa kwa dawa, si mahali pabaya. Nilitamani kukaa.

Kisha daktari akakitoa kile kivimbe akakiweka katika kisahani, akatuonyesha. Cheupe, kinang'aa. Wewe ukakitazama, ukamtazama daktari, ukaanguka.

Nakusimulia haya kwa kuwa hukuyaona, ulikuwa sakafuni. Kishindo kilitikisa beseni. Hakuna aliyeweza kukugusa, wote mikono yao ilikuwa imekwisha oshwa, na Fanueli anacheka hajiwezi. Nikakuita mimi. Nilikuita kama nilivyokuwa nikikuamsha uende chuoni, "We Idarusi! Mwalimu amekwisha pita!" Ukafumbua macho ukasema, "Nimekwisha oga." Daktari alicheka mpaka sindano ya kushonea ikangoja.

Mimi sikucheka. Nilikuona umelala pale, uso rangi ya jivu, umri umekutoka wote, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ilirudi jioni. Ndiyo maana siku tatu nilizokaa kwako uliniletea uji, ukanifunga mkono shingoni, ukanikunjia nguo, nami sikukwambia neno ila asante.

Nyuzi nane zilitolewa zahanati siku ya kumi na mbili. Kidole gumba kimeamka. Cha shahada kinatambaa sisimizi usiku kucha, bwana wa zahanati anasema ndiyo dalili njema. Cha kati bado kimelala. Kushika kalamu siwezi, kushika mwiko naweza.

Sasa nimesomewa barua yako, na nimejua kuwa ulijaribu. Ungekuwa umeniambia mapema ningekuja vile vile, Idarusi. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuja kwa ndugu yangu dobi, ningeuliza wajuao, nisingetia hina.

Mama kila siku anauliza, "Mwanangu ndiye aliyekushona?" Nimemjibu alikuwepo. Hilo ni kweli. Zaidi ya hapo sisemi, na uongo pia sisemi. Njoo umwambie kwa kinywa chako.

Dada yako, Mwanamkasi.


Chumbageni, Tanga, 23 Septemba 1957

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nimeisoma kazini nyuma ya kamba, shuka zikanipiga usoni.

Hapa hospitali sasa naitwa Nimekwisha Oga. Hata daktari. Nastahili.

Kidole cha kati ukikande kila asubuhi, ukifungue na kukifunga. Hilo nimeliuliza kwa nesi Lea, sikulitoa kichwani. Nimeomba ruhusa ya siku nne, nakuja kwa Maulidi. Naogopa uso wa Mama kuliko ulivyoogopa kisu.

Idarusi.


Moa, Jumanne, mwezi 20 Mfungo Sita

Kwa mdogo wangu Idarusi bin Uweso,

Salamu ziingie kwako kabla ya mguu wa aliyezileta. Hii nimeandika mwenyewe. Herufi ni kubwa kama za mtoto wa chuo na nimepumzika mara sita, lakini ni mimi. Kidole cha kati kinajua moto na baridi, laini na kikwaruzo bado hakijui. Ukili nasuka, polepole, nautazama badala ya kuuhisi.

Uliondoka hapa na huzuni, hata chai hukuimaliza. Niliona. Ulipomwambia Mama kuwa wewe hufua shuka na hujapata kumgusa mgonjwa maishani mwako, ulisema vizuri, hukujitetea, nami nilisimama nyuma ya mlango nikalia. Naye akageukia ukutani. Siku mbili zote hakukusemesha. Nikadhani tumemwua.

Ulipokwisha kwenda, alianza kuuliza. Wakati namwogesha, "Damu hutoka na nini?" Nikamwambia maji baridi kwanza, halafu soda. Nampikia, "Hutia bluu?" Nikamwambia hutia. Siku nzima akakaa. Halafu, "Na nguo za wale wanaokufa?" Nikamwambia hizo pia ni yeye, na huzipiga pasi kama nyingine. Akauliza, "Pande zote mbili?" Nikasema wewe mwenyewe uliandika, pande zote mbili.

Jana asubuhi, macho yake yakiwa bado yanaona, aliniambia nivute sanduku lake la chini ya kitanda. Akatoa sanda yake. Ni ile bafta aliyoinunua mwaka aliokufa Baba, akaiweka na kafuri. Hatukuwa tumeifungua miaka yote hii. Imekuwa rangi ya manjano, na pale ilipogusa bawaba za sanduku ina madoa ya kutu.

Aliishika, akainusa, akanipa. Akasema, "Mpelekee mwanangu dobi. Asimpe mtu mwingine aishike. Aifue kama anavyofua za hospitali, aipige pasi, anirudishie mwenyewe."

Imo ndani ya kifurushi hiki. Sikumpa dereva. Amekuletea babake Mwatumu kwa mkono wake.

Nilikuwa nimekwisha funga kamba Mama akaniita tena. Amesema nikwambie usiifanyie haraka.

Dada yako, Mwanamkasi.